Baiskeli Mbali na Honi: Mwongozo wa Vilima na Mabonde ya Pugu na Kisarawe

Maswali yanayokuja ni yale yale. Mtu kanunua baiskeli, kaizungusha mtaani kwake mpaka kachoka, sasa anauliza: Dar es Salaam naendesha wapi bila daladala kunipumulia mgongoni? Pugu kuna njia? Ni kweli kuna mahandaki ya Mjerumani? Phoenix ya mzee inafika, au mpaka baiskeli ya gia? Badala ya kumjibu kila mtu kivyake, majibu yote nimeyaweka hapa, kwa mpangilio wa mtu anayekwenda mara ya kwanza.

Tuwekane sawa mapema. Dar hakuna njia ndefu iliyotengwa kwa baiskeli tu, yenye vibao na ramani, itakayokutoa mjini mpaka shambani. Kilichopo ni barabara za vumbi za vijijini, njia za msituni na vijia vya mabondeni ambako gari linapita kwa nadra. Bodaboda utazikuta. Ng'ombe wa kwenda mnada wa Pugu utawakuta pia, na hao ndio wenye barabara. Utulivu wa huku haununuliwi kwa baiskeli ya bei mbaya, unaupata kwa kuchagua saa nzuri na kwa kujua kuuliza.

Vilima vya Pugu vinaanza pale jiji linapoishia upande wa kusini-magharibi, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, na mji wa Kisarawe uko mbele yake. Si milima ya kutisha, ila imekatwakatwa na mabonde, na Mto Msimbazi unaanzia humo. Yale maji yanayofunga barabara pale Jangwani mvua zikikolea, sehemu yake yametoka huku. Juu kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya asili ya pwani, ambao sasa ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Baiskeli: yoyote yenye breki mbili zinazoshika. Ya gia yenye tairi pana ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu ya mchanga na vipandio. Phoenix inafika, wauza mkaa wanapita nazo huko na magunia juu, lakini vilima utavipanda kwa miguu huku unaikokota, na kuteremka nayo kunataka adabu. Baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba iache nyumbani.

Vifaa: tyubu mbili za akiba za saizi yako, viraka na solusheni, msasa, pampu ya mkono, vyuma vya kutolea tairi, spana zinazolingana na nati zako, na kipande cha waya au kamba. Kama una kifaa cha kukatia na kuungia cheni, kibebe; fundi wa njiani anayo nyundo na msumari tu, ingawa na hivyo anafanya maajabu.

Mwili: maji lita 3 kwa mtu, kofia ngumu, shati la mikono mirefu na suruali. Wanaovaa kaptula huwa wanaelewa sababu wakishakutana na upupu. Weka na pakiti mbili za ORS.

Mfukoni: kitambulisho, fedha taslimu za noti ndogondogo na simu iliyojaa chaji. Mtandao mabondeni unakatika, kwa hiyo kulipa kwa simu usikutegemee kwa kila kitu.

Watu: msipungue watatu. Mmoja akiumia, wa pili anabaki naye, wa tatu anafuata msaada.

Hatua kwa hatua

1. Soma kidogo kabla ya kwenda, maana huko hakuna vibao

Wengi wanarudi wakisema "hamna kitu". Kitu kipo, ila hakijaandikwa kwenye jiwe. Ukibeba mambo manne haya kichwani yanatosha.

La kwanza ni vita ya Abushiri. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kuchukua utawala wa mwambao kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar, ikaja na bendera yake na ushuru wake. Watu wa pwani wakakataa, Abushiri akiwa mmoja wa viongozi wao. Pugu palikuwa na misheni changa ya Wabenediktini wa St. Ottilien, waliofika mwaka huo huo wa 1888. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ile ilivamiwa na kuteketezwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye kukombolewa kwa fidia. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo.

La pili ni pamba. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima katika wilaya ya Dar es Salaam. Mtu analima kwa amri, anapata ujira wa kejeli. Vita ya Majimaji ilipolipuka 1905 kule Umatumbini, sehemu za Uzaramo, nchi ya Wazaramo ambamo Kisarawe imo, nazo ziliingia. Kibasila, ambaye jina lake linabebwa na shule ya sekondari pale Temeke, alikuwa jumbe wa Uzaramo aliyenyongwa kwa vita hiyo.

La tatu ni reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, mwaka ule ule Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Vilima vya Pugu ndicho kipandio cha kwanza ambacho treni inakutana nacho ikitoka bandarini.

La nne ni vita yenyewe. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Mji uliangukia mikononi mwao tarehe 4 Septemba 1916 bila mapigano makubwa, kwa sababu jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa limeshajiondoa kuelekea kusini, likivunja madaraja ya reli nyuma yake. Kwa hiyo usije Pugu ukitafuta uwanja wa vita wa 1916. Kilichopita Uzaramo ni majeshi, njaa, na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya pande zote mbili. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi.

Kama una nafasi siku moja kabla, pitia Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, yule yule aliyetumwa na Wajerumani kuizima vita ya Abushiri. Pitia pia makaburi ya vita yaliyoko kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Ukiyaona hayo kwanza, safari ya Pugu inakuwa na maana nyingine.

2. Chagua siku na saa

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Ardhi imekauka, jua halijawa kali, na mchanga bado una unyevu wa kushika tairi. Machi hadi Mei usijaribu. Udongo wa Pugu una kaolini, ule mweupe uliokuwa ukichimbwa huko, na ukilowa unaganda kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Unauchokoa kwa kijiti, unaendesha mita 30, unashuka tena. Huko si kuendesha baiskeli. Vuli, Oktoba hadi Desemba, nenda tu kama haijanyesha siku mbili mfululizo.

Siku ni Jumapili. Jumamosi malori ya mchanga na kokoto yanafanya kazi, na shughuli za mnada huongeza msongamano siku za kazi. Ondoka nyumbani saa 11 alfajiri ili saa 12 na nusu uwe Pugu. Ukianza saa 3, jua litakumaliza kwenye kipandio cha kwanza.

3. Kagua baiskeli usiku wa kuamkia safari, si asubuhi

Inua gurudumu la mbele, lizungushe, usikilize. Likikwaruza, rimu imepinda au raba ya breki imekaa vibaya. Fanya hivyo na la nyuma. Bana breki moja moja huku ukiisukuma baiskeli mbele. Gurudumu lisiposimama kabisa, kaza waya. Shika usukani, bana breki ya mbele, tikisa. Ukisikia mchezo pale shingoni, gololi zimelegea na fundi wa mtaani anazikaza kwa dakika chache. Mwisho pitisha kitambaa kwenye cheni, tia mafuta kidogo, kisha uyafute ya juu. Cheni inayochuruzika mafuta inabeba mchanga wote wa Kisarawe.

Upepo wa tairi: zijaze kawaida kwa ajili ya lami, na ukifika kwenye mchanga punguza mpaka tairi ibonyee kidogo ukiibinya kwa kidole gumba kwa nguvu. Pampu unayo, utajaza tena wakati wa kurudi.

4. Pakua ramani kwenye simu

Programu kama Organic Maps au OsmAnd zinafanya kazi bila mtandao, na vijia vingi vya Pugu na Kisarawe vimo. Pakua ukiwa nyumbani. Weka alama nne: Pugu Kajiungeni, Minaki, lango la hifadhi upande wa Kisarawe, na Kisarawe mjini. Washa kurekodi njia tangu unapoanza. Ukipotea, fuata mstari wako mwenyewe kurudi.

Mara ya kwanza usipange mzunguko. Nenda na urudi njia ile ile. Mzunguko unapendeza kwenye ramani, lakini kijia kinachoonekana kinaunganisha mabonde mawili kinaweza kuishia kwenye shamba la mihogo la mtu, na mwenye shamba amekaa hapo hapo anakuangalia.

5. Maliza habari ya kibali

Barabara za vijiji ni za umma, huhitaji kibali. Msituni ni habari nyingine: ile ni hifadhi, kuingia kunalipiwa, na malipo yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali kama ada nyingine zozote. Uliza ofisi ya TFS Kisarawe siku moja kabla kuhusu viwango vya sasa, njia gani baiskeli zinaruhusiwa, na kama utapewa mhifadhi wa kukuongoza. Ukipewa, mpokee. Anajua kijia gani kimeangukiwa na mti na wapi nyuki wamehamia.

Usijaribu kupenya kwa pembeni kwa kuwa "wenyeji wanapita". Msitu huu umeliwa sana na mkaa na uvamizi, na askari wa misitu hawana mzaha na mtu wanayemkuta ndani bila karatasi, hata akiwa amevaa kofia ya baiskeli.

6. Vuka mji bila kufa

Hapa ndipo hatari ya safari nzima ilipo. Barabara ya Nyerere kutoka mjini, kupita Tazara, uwanja wa ndege mpaka Gongo la Mboto, si mahali pa kujifunzia baiskeli. Una njia mbili.

Ya kwanza, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza: kodini kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Baiskeli nne au tano zinalala nyuma vizuri mkizipishanisha, pedeli zikiwa zimefungiwa maturubai au magunia zisikwaruzane. Elewaneni bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapakia, na mkubaliane mahali na saa ya kuchukuliwa. Daladala haibebi baiskeli, na konda akikubali ujue kuna abiria atakayetukana njia nzima.

Ya pili ni kuendesha, kwa walio wazoefu tu, na kabla ya saa 12. Kaa kushoto, taa ya nyuma iwake, na usiingie kwenye njia ya mwendokasi hata ikiwa tupu namna gani. Vituoni chunga daladala inayochomoka bila ishara. Mwangalie konda: akipiga bodi, gari linaondoka.

7. Simama Pugu kwanza

Shukieni Pugu, si Kisarawe. Kituo cha Hija cha Pugu, cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam, kiko kwenye eneo la historia ya misheni ya 1888. Ni mahali pa sala, watu huja kuhiji, kwa hiyo baiskeli zisukumwe, sauti ziwe chini, na mwombe ruhusa kwa mhudumu kabla ya kupiga picha. Jumapili asubuhi kuna misa. Kama hamuingii kusali, subirini nje mpaka watu watoke.

Hapo hapo Pugu kuna shule ya sekondari ambayo zamani iliitwa St. Francis, ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha mpaka alipoacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU. Ni shule yenye wanafunzi, haitembelewi holela. Iangalie kwa nje, upite.

Njiapanda ni Kajiungeni: upande mmoja Chanika, mwingine Kisarawe. Shika ya Kisarawe. Ni lami na ina magari, lakini asubuhi na mapema ni machache. Kuna kipandio kirefu; weka gia nyepesi kabla ya kuanza kupanda, si katikati. Ukibadili gia huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni itaruka au itakatika.

8. Acha lami, ingia bondeni

Eneo la Minaki ndipo pa kuanzia kuuliza. Usimuulize kijana wa bodaboda, atakupeleka njia ya bodaboda. Muulize mzee aliyekaa barazani au mama anayeuza mihogo. Salamu kwanza, zote, bila haraka: shikamoo, za asubuhi, za nyumbani. Halafu: "Mzee, naomba kuuliza, kuna njia ya kushuka bondeni isiyopita magari mengi?" Mkiwa mnaingia kijiji ambacho barabara yake inapita katikati ya nyumba za watu, mmoja wenu amtafute mwenyekiti wa kijiji au balozi ajitambulishe. Dakika tano za kujieleza zinakuokolea saa nzima ya kuulizwa maswali baadaye.

Kuendesha kwenyewe kunabadilika mara tatu.

Mchanga: usipige breki, usikate kona kwa ghafla. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, usukani uushike kwa ulegevu, kanyaga mfululizo. Ukisimama katikati, shuka ukokote. Kuanza upya ndani ya mchanga ni kupoteza nguvu bure.

Changarawe ya kuteremka: hapa ndipo watu wanachubuka. Punguza mwendo kabla ya mteremko. Tumia breki zote mbili, kwa kubana na kuachia. Breki ya mbele peke yake itakurusha juu ya usukani, na ya nyuma peke yake itaburuza tairi mpaka baiskeli ikae kando. Pedeli ziwe sambamba na ardhi, usikae kitini. Mwenye Phoenix yenye breki za vyuma ashuke atembee, bila kuona haya.

Vijito: chini ya bonde kuna vivuko vya magogo au mawe. Shuka, beba baiskeli begani, vuka. Usipite na baiskeli ndani ya maji usiyoyaona chini. Hivi vijito vinavyoonekana vya kitoto ndivyo vinavyokusanyika kuwa mafuriko kule mjini, na mvua ikinyesha vilimani vinajaa haraka.

Ndani ya msitu wenyewe baki kwenye njia uliyoonyeshwa. Kuna baridi ya kushangaza ukitoka juani, na ukimya ambao mtu wa Mbagala au Sinza ameusahau. Tembea polepole kwenye kona, maana anayekuja mbele anaweza kuwa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, na hawezi kuruka pembeni.

9. Kula Kisarawe, halafu geuza

Chai, chapati, maharage, mihogo ya kukaanga, na msimu wake ukifika, mafenesi na maembe ya kumwaga. Kuleni vizuri lakini msishibe mpaka macho yakafumba. Jazeni maji, kagueni tairi kwa miiba, pumzikeni mpaka jua lipungue ukali.

Wanaojisikia wana nguvu wanaweza kuendelea na barabara ya Maneromango kadiri wanavyotaka. Huko ndiko Uzaramo ya mashamba: minazi, mikorosho, nyumba zilizo mbalimbali. Wekeni saa ya kugeuza, na ikifika mgeuze hata kama mbele kunaonekana kuzuri. Saa 8 mchana ni mwisho. Saa 12 jioni muwe mmeshapakia kwenye kirikuu. Giza la huku linaingia kwa ghafla, na bodaboda zisizo na taa ni nyingi.

Makosa yanayojirudia

Kuendesha juu ya reli. Kuna mtu aliona video ya Ulaya, reli ya zamani imegeuzwa njia ya baiskeli, akadhani na sisi tumefika huko. Reli yetu ya zamani bado ina treni. Na SGR, reli mpya ya treni ya umeme, ndiyo kabisa: imezungushiwa uzio, ina nyaya za umeme mkubwa juu, na treni inakuja kwa kasi usiyoweza kuikadiria kwa macho. Vuka kwenye vivuko vilivyojengwa tu.

Kuingia kwenye mapango. Yale "mahandaki ya Mjerumani" wanayokuonyesha Pugu ni machimbo ya kaolini. Ndani kuna popo kwa maelfu, uvundo, na paa ambalo hakuna anayelikagua. Yaangalieni kutoka nje.

Kujifanya mtafiti. Ukionekana unazunguka kwenye magofu na simu mkononi, unapima, unachungulia mashimo, kuna mtu ataamini umekuja kuchimbua mali za Mjerumani. Imani hiyo ina nguvu kuliko unavyodhani, watu wamebomoa makaburi na misingi ya majengo wakitafuta rupia. Kuna sarafu za dhahabu za rupia 15 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, ndiyo, lakini haziko chini ya mwembe wa Kisarawe. Usichimbe, usiokote, na mtu akikunong'oneza kwamba ana "kitu cha Mjerumani" anakiuza, panda baiskeli yako.

Kupiga picha kambi za jeshi. Gongo la Mboto kuna kambi. Simu iwe mfukoni mpaka mpite. Na kwa kuwa maghala ya silaha ya pale yalilipuka tarehe 16 Februari 2011 na mabomu yakaangukia mpaka kwenye makazi ya watu, chuma chochote cha umbo la ajabu utakachokikuta porini usikiguse wala kukipiga teke. Weka alama mahali, ondoka, toa taarifa polisi.

Kuwapa watoto pipi na hela. Watakukimbilia wakishangilia, na ni raha. Wasalimie. Ukigawa, wenzako wanaofuata watavutwa baiskeli kwa nyuma, na siku moja mtoto ataingia kwenye spoku.

Ukikwama

Pancha zinajirudia tairi lile lile. Mwiba bado umo. Toa tyubu, pitisha kidole ndani ya tairi taratibu kuizunguka yote, utausikia unakuchoma. Utoe kwa kucha au kwa ncha ya kisu. Kisha saga tyubu kwa msasa mpaka ipoteze mng'ao, paka solusheni, subiri ikauke mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike kiraka. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, kinang'oka baada ya kilomita mbili.

Tyubu zimeisha na viraka vimeisha. Jaza tairi majani makavu, uyashindilie sana, funga. Utaendesha polepole kama juu ya mawe, lakini utafika kwa fundi bila kuharibu rimu.

Cheni imekatika na huna kifaa. Kokota kwenye vipandio, serereka kwenye miteremko. Mwenzako anaweza kukusukuma begani tambarare. Kukuvuta kwa kamba nakukataza.

Breki imekufa katikati ya safari. Waya wa breki ya nyuma ukikatika, hamisha wa breki ya mbele uende nyuma ikiwa urefu unatosha. Usipotosha, miteremko yote tembea.

Mguu umebana misuli. Shuka, kaa kivulini, nyoosha mguu, vuta vidole vya mguu vikuelekee, kunywa maji yenye ORS. Ukiona mtu ameacha kutoka jasho, anaongea ovyo au anatapika, safari imeisha: mmwagieni maji, mpepeeni, apelekwe hospitali ya Kisarawe kwa gari lolote litakalopatikana.

Upupu. Usikune. Usipake maji kwanza. Bandika selotepu na kuing'oa mara kadhaa kuondoa vinyweleo, au pangusa kwa majivu makavu. Maji na sabuni baadaye. Nguo zifuliwe peke yake.

Umepotea na simu imezima. Simama. Sikiliza pikipiki, jogoo, adhana, au honi ya treni. Bondeni kijia kikubwa zaidi kwa kawaida kinapanda kuelekea nyumba, kwa hiyo fuata chenye alama nyingi za matairi. Ukifika kwenye nyumba ya kwanza piga hodi ukiwa mbali, usiingie uani.

Mvua imekukuta bondeni. Panda juu mara moja, msisubiri chini ya mti karibu na kijito. Udongo mweupe ukianza kuganda kwenye tairi, acheni kijia, tembeeni kwenye majani ya pembeni mpaka lami. Baiskeli zioshwe jioni hiyo hiyo, kwa sababu ule udongo ukikaukia kwenye cheni utaubandua kwa mswaki na mafuta ya taa.

Mmesimamishwa na mgambo au askari wa misitu. Shukeni kwenye baiskeli wote, vueni miwani, salimieni, mmoja tu aongee. Onyesheni risiti. Kama mmeingia pasipo ruhusa bila kujua, semeni hivyo na muombe muonyeshwe njia ya kutoka. Faini ikitajwa, ombeni namba ya malipo na risiti ya serikali. Hela ya mkononi msitoe.

Dereva wa kirikuu hapokei simu. Hii hutokea zaidi ya pancha. Chukueni namba ya dereva wa pili Kisarawe mkiwa mnakula mchana, kabla hamjaihitaji.